Siku Nne Nilikuwa Kirotshe, na Nilikuwa Sijafika

Mu tope, mbele ya Masisi

Alhamisi saa sita ya muchana nilikuwa nimelala juu ya magunia ya mchele, juu ya kamio, gari kubwa ya mizigo, iliyozama mu tope mupaka ku mulango. Muguu wangu wa kuume ulikuwa umefungwa kati ya maganda mawili ya muti na unanuka sawa panya aliyekufia mu dari. Ku mukono nilishika mikro ya foni, ile redio ya kuongea na watu wa mbali. Saa sita njo saa yetu ya kuongea na Goma. Nikaita mara moja, nikaita mara mbili, Dada Esperansi, mwenye kushika foni ya kule, akajibu.

“Goma inakusikia, sema.”

“Dada, tumezama. Tuko kati ya Nyabiondo na Masisi tangu jana mangaribi. Ambia ile gari ya jipu itoke Muheto ikuje kunichukua. Muguu umeanza kuoza.”

Nikasikia anagonga-gonga kitu na kidole. Kisha akacheka. Wandugu, mutoto wa mutu alicheka.

“Papa Neema, acha mchezo. Muko Kirotshe tangu jana. Ninawaona hapa ku karte, ku ramani. Jipu ilisharudi.”

“Nani iko Kirotshe?”

“Wewe. Wewe uko ku hospitali, pole ya ugonjwa. Na uambie Muhindo, Patro anauliza kwa nini kamio imelala Kirotshe na haileti muzigo. Ni mwanamuke gani huyo anamushika vile?”

Muhindo njo shofere, Patro njo tajiri mwenye kamio. Alikuwa chini, tope ku magoti, koleo ku mukono, na foni yetu inalia kwa nguvu, alisikia kila neno. Akainua uso.

“Mwanamuke? Umwambie akuje aone! Huku hata vyura vimekimbia!”

Nilitaka kucheka na sikuweza. Nikaangalia muguu, nikaangalia mulima, nikaangalia ile mikro. Nimepita vita tatu, nimelala mu pori na watoto, nimeona nyumba yangu inawaka moto na mimi niko ndani ya mihogo ninaiangalia. Lakini ilikuwa mara ya kwanza mutu kuniambia kwamba mimi siko pale niliko, na kuniambia pole juu yake.

Tangu nimerudi ku nyumba mumekuwa munakuja mumoja mumoja, munakaa ku kitanda, munauliza: “Papa Neema, muguu ulibaki wapi?” Nimechoka kurudilia. Ninaandika mara moja, musome wote. Sikusoma sana, niliacha ku mwaka wa ine wa primeri, musinihesabie makosa ya maandishi. Muhesabu tu makosa ya wale nitataja.

Walikale, pale mambo yalianzia

Kwa miaka mingi kazi yangu ilikuwa foni ku depo ya Patro Katembo kule Walikale. Munamujua, mufanyabiashara wa Butembo, mwenye kamio mbili na mashati ya mikono mirefu, hakosaka misa. Mimi nilikuwa ninakaa mbele ya foni, ninasema kamio imetoka, imefika, imeharibika. Bibi yangu na watoto wanaishi Kirotshe, mimi niko mu pori. Njo maisha.

Sasa niseme na yangu, mbele hamujasema ninaficha. Mashofere walikuwa wanadanganya ku foni, na mimi nilikuwa ninawasaidia. Shofere amelala Nyabiondo siku mbili anakunywa pombe ya kasiksi, mimi ninaambia Goma: “Iko inapanda, njia ni mubaya.” Ananiletea mapaja ya kuku, maneno yanaisha. Kila depo ilifanya hivyo. Patro alikuwa anajua, lakini hakuwa na macho ya kuona mupaka huku.

Halafu akapata Enjenia Trezori. Huyu ni kijana wa Goma ambaye burudani yake ni kuongea na foni na watu wa inchi za mbali, bila kulipwa, kwa kupenda tu. Wenye ule mchezo kila mumoja ana jina lake la herufi na namba, na wanajuana dunia nzima. Trezori akaambia Patro kwamba kuna visanduku vidogo vya foni ya namna ile. Kisanduku kinauliza satelite “niko wapi?”, kisha kila mara kinapiga kelele angani: mimi ni fulani, niko hapa. Mashini ziko juu ya milima, moja juu ya Masisi, ingine juu ya Ngungu, zinasikia ile kelele na kuitupa mu interneti. Mutu anafungua telefone yake, anaona kamio kadogo kanatembea juu ya karte.

Patro alifurahi sawa mutoto wa Noeli. Alikuja Walikale yeye mwenyewe na Trezori, akatukusanya.

“Kuanzia leo sisikilize tena kinywa cha mutu. Kinywa kinadanganya. Nitaangalia karte.”

Na akaniangalia mimi. Nikainamisha kichwa, juu alikuwa na haki. Kisanduku kimoja ku kila kamio, na kimoja ku kila depo, ya Walikale na ya Kirotshe. Vya depo havikuuliza satelite, juu depo haitembee. Trezori aliandika pahali pake na mukono, mara moja, na ikaisha. Mushike hii neno, tutairudilia.

Muguu wangu, ilikuwa Jumapili, siku ya Mungu. Nilienda kusaidia mujomba kufyeka shamba mu pori, muti ukageuka vile haukupashwa kugeuka, ukanilalia. Wajomba ni wawindaji, wanajua mifupa. Muzee wao alifunga muguu na maganda ya muti, akatemea mate, akaita majina ya wakubwa waliokufa, kisha akasema na Baba Yetu juu yake, juu pia ni mukatekista. Infirmiye, muuguzi wa pale, alipokuja akasema kazi ya kufunga ni muzuri, lakini mufupa umetoboa ngozi.

“Papa, hii inataka dokta wa kupasua. Kirotshe. Mbele ya Ijumaa.”

“Na ikipita Ijumaa?”

“Usipitishe.”

Tukapanga na Goma ku foni. Kamio ya Muhindo inatoka Jumatatu, inanibeba juu ya muzigo. Jipu ya Patro inapanda mupaka Muheto, inangoja. Jipu ni nyepesi, inapita pale kamio inazama. Tukikwama, jipu inaangalia karte, inakuja mupaka pale tuko. Patro mwenyewe alisema: “Papa Neema, usiogope, nitakuwa ninakuona.” Sauti yake iko mu masikio yangu mupaka leo.

Walikale mupaka ku bariyeri

Jumatatu tulitembea muzuri. Muhindo alinitengenezea kitanda kati ya magunia na bidoni za mawese, na shiti ya plastiki juu. Chakula kilikuwa kwanga ya mihogo na nyama ya nungunungu, mujomba alifunga mu majani. Kila shimo, nilikuwa ninaita mama yangu. Muhindo anapiga kelele toka chini: “Papa Neema, mama yako hayuko mu kamio hii!” Ninajibu: “Wala shofere hayuko!” Tukasogea hivyo.

Jumanne asubui tukafika ku bariyeri, kamba ya kufunga njia, ya wale wenye silaha. Siseme kundi gani, juu ningali ninataka ile njia. Wanakaa pale miaka, wanatujua, kwa kawaida wanachukua kitu chao na kamba inashuka. Ile siku kulikuwa komanda mupya, mwembamba, na majani ya dawa yamefungwa ku mukono. Akaona antene.

“Hii ni nini?”

Muhindo, badala ya kusema ni foni, akasema ukweli. Miaka yote ya uongo, ule mutu alichagua ile siku kusema ukweli.

“Inaonyesha pahali tuko.”

“Inaonyesha nani?”

“Goma.”

Basi. Kamba ikabaki juu. Komanda akasema kitu kinachoonyesha pahali njo kinaletaka ndege ya bomu, na akasema hakuna mutu atapita na jicho la adui. Nikapiga kelele toka juu ya magunia: “Mukubwa, ni kwa ajili ya mugonjwa! Niko na muguu hapa!” Akapanda yeye mwenyewe, akaona muguu, akafunika pua na mukono. Akahuruma. Na huruma yake njo ilituua.

“Sitakivunja,” akasema. “Nitakisafisha tu.”

Munajua wale wana maji yao, ya dawa, wanajinyunyizia kabla ya vita ili risasi igeuke umande. Muzee wa dawa akaletwa na ndoo. Akaimba kidogo, akashika kisanduku sawa padri anashika mutoto wa kubatizwa, akakizamisha ndani ya ndoo mara tatu. Akakirudisha kwa Muhindo na mikono mbili, na heshima.

“Sasa hakitasema tena maneno ya adui.”

Na kweli. Hakikusema tena maneno ya mutu yeyote.

Juu ya wale watu wa ndoo sina shitaka. Walikuwa wanaogopa, na waliogopa kitu ambacho kinaua kweli. Walituacha tupite, walinipa hata ndizi za kuchoma. Ninatafuta wengine.

Kuelekea Nyabiondo, pale Paluku alitupatia kisanduku chake

Jumatano asubui tukakutana na kamio ingine ya Patro inashuka Walikale. Shofere ni Paluku, kaka wa Muhindo upande wa mama. Tulikaa pamoja pembeni ya njia, tukala samaki kavu, sambaza alizotoa Kirotshe. Bibi yangu njo alizikaanga, alimupatia Paluku aniletee Walikale, bila kujua niko njiani. Nilikula nikaona nyumba.

Ile njia hakuna duka ya vyuma vya gari. Shofere akikosa batri, anaomba ya mwenzake. Akikosa nati, anafungua ya mwenzake. Kamio moja ina vyuma vya kamio kumi, na inatembea. Muhindo akauliza: “Kaka, uko na kisanduku cha ziada?” Paluku akasema ndiyo, anapeleka Walikale kile cha depo ya Kirotshe, juu cha Walikale kimekufa. “Chukua. Depo itangoja, mugonjwa hawezi.” Akakifungua toka mu gunia na roho safi. Huyu naye sina shitaka naye.

Tukakifunga. Tukaita Goma ku foni, Esperansi akamuita Trezori. Sauti yake ikaingia, ya kijana anayekula kitu.

“Muko na kisanduku cha Kirotshe? Hakuna shida. Kitabadilishwa jina tu, kiitwe kamio. Papa Neema, bonyeza pale kati mupaka uone jina.”

Nikabonyeza. Alinisomea herufi moja moja, nikaingiza moja moja, jasho linatoka, muguu unapiga sawa ngoma. Tukamaliza. Lakini mimi nimekaa mbele ya foni miaka mingi, macho yangu yanaangaliaka. Chini ya jina niliona namba. Ku kisanduku cha kwanza, zile namba zilikuwa zinabadilika kamio ikitembea. Muhindo alikuwa amesogeza kamio tayari, na hizi namba zilikuwa zimesimama sawa ng’ombe mu mvua.

“Enjenia,” nikasema, “namba za chini hazitembee.”

“Namba gani?”

“Za pahali. Zimesimama.”

“Papa Neema, ulisoma mupaka wapi?”

Wandugu, aliniuliza hivyo ku foni, Goma nzima inasikia, Walikale inasikia.

“Mwaka wa ine.”

“Wa primeri?”

“Wa primeri.”

“Basi badilisha jina tu, mengine usiguse.”

Sikugusa.

Musisahau vile nilisema: kisanduku cha depo hakiulize satelite. Pahali pake Trezori aliandika na mukono wake. Kwa hiyo kamio yetu ilipanda mulima wa kwanza, mashini ya Masisi ikasikia kelele, na kelele ilikuwa inasema: mimi ni kamio ya Muhindo, niko Kirotshe. Mu pori, kati ya nyani, kisanduku kinaapa kiko Kirotshe. Na Goma wakaamini. Kamio iliyokuwa Walikale Jumanne, imeruka Nyabiondo, imeruka Masisi, imeruka Sake, imetua ku ziwa. Hakuna mutu alijiuliza imeota mabawa wapi. Esperansi alipiga kofi, niliambiwa baadaye, akaimba “Bwana asifiwe”. Akaita jipu kule Muheto: rudi, mugonjwa amefika. Halafu akaita bibi yangu: Mama Neema, bwana yako iko ku hospitali, peleka chakula.

Sisi hatukujua kitu. Tulishaaga, tulishafunga foni, tunatembea. Mangaribi tukazama.

Nyabiondo mupaka Masisi, juu ya mabega

Alhamisi nimeshawaambia. Baada ya Esperansi kucheka, niliita tena saa tisa. Akajibu Patro mwenyewe.

“Patro, ni mimi Papa Neema. Tuko mu tope. Ninakuapia na watoto wangu.”

“Papa Neema, mara ngapi umeniapia na watoto wako?”

Aliendelea, pole pole, na sauti ya mutu anayesamehe:

“Siku zile ulikuwa unasema kamio iko inapanda, na iko imelala. Leo kamio imelala Kirotshe, na unasema iko mu tope. Muhindo amekupatia nini? Kuku ingine? Jitunze muguu, tutaongea ukipona.”

Akafunga.

Muhindo alilia. Mutu mukubwa, na ndevu, alikaa juu ya tairi akalia. Akang’oa kisanduku, akataka kukitupa mu bonde. Nikamukataza. Nikasema kibaki kinawaka, kitakuwa shahidi. Njo maana mupaka leo kiko chini ya kitanda changu.

Ijumaa, ile Ijumaa ya infirmiye, hatukusogea hata mita moja. Mimi homa, ninaongea na marehemu baba. Jumamosi wakulima wa pale wakapita wanaenda soko, Wahunde, wanaume sita na mama mumoja mwenye maharagi ku mugongo. Mama akasimama, akanusa.

“Nani anaoza hapa?”

“Ni mimi, mama.”

“Na unangoja nini, ufufuko?”

Akageukia wanaume, akawatukana na Kihunde mupaka wakatua mizigo. Walikata miti miwili, wakafunga blangeti katikati, tipoyi ikapatikana. Walinibeba mabegani toka asubui mupaka saa nane, wanapokezana, wanaimba, wanateleza, wanatukana njia na serikali. Mutu mumoja ananiuliza: “Papa, hauna gari?” Ninasema: “Niko nayo, iko Kirotshe.” Wanacheka, wanafikiri ni homa. Ku kilima cha mwisho yule mama aliniingizia mu kinywa kipande cha fromage, jibini ya Masisi, akasema kula, maiti mwenye njaa ni muzito kubeba. Sikumuuliza jina. Yeye ninamutafutaka kwa namna ingine.

Masisi mupaka Kirotshe

Masisi kuna rezo ya telefone. Mutu wa duka akanipa telefone, nikaita bibi yangu. Akashika mara moja.

“Nani?”

“Ni mimi.”

Nikasikia kitu kinaanguka, sufuria.

“Wewe iko wapi?”

“Masisi.”

“Usinidanganye! Wanasema uko hapa! Siku tatu niko hapa ku hospitali na bugali yako! Nimeenda ku vyumba vyote. Nimeenda ku wanawake, nimeenda ku watoto, nimeinua mashuka ya watu sijui. Wauguzi wamenichoka, wanasema mama hatuna mutu huyo. Ninaita Esperansi, ananiambia ‘tafuta muzuri, ninamuona hapo’. Leo asubui nimeomba wanifungulie chumba cha maiti.”

“Na umenikuta?”

“Hapana.”

“Basi nenda ku nyumba, upumuzike.”

“Sitaki! Nikienda ku nyumba watasema tena umefika!”

Alibaki pale ku mulango wa hospitali. Wauguzi walikuwa na haki, hawakuwa na mutu. Yeye alikuwa na karte.

Jumamosi gari ya kushuka haikuwa; mufanyabiashara wa fromage alikuwa anashuka Jumapili asubui na pikapu, akanilaza kati ya zile fromage za mviringo. Tukasimama Muheto. Mama mwenye kuuza chakula pale akaniletea maziwa, akauliza ni mimi mugonjwa wa ile gari ya jipu?

“Jipu gani?”

“Ile ya Katembo. Ilikaa hapa Jumanne na Jumatano. Shofere alikuwa amekula sahani mbili, injini inawaka, anasema nangoja mugonjwa, akichelewa ninapanda kumufata. Ikaja telefone, akasema amepita. Nikamuuliza, amepita wapi? Njia ni moja, na mimi ninakaa hapa na maharagi toka asubui mupaka jioni, sijaona kamio. Akaniambia: mama, iko ku karte.”

Huyu mama hajaenda masomo hata siku moja, na yeye njo mutu peke yake ku njia nzima aliyeuliza swali.

Tukafika Kirotshe Jumapili saa saba, watu wanatoka misa. Mama Neema alikuwa ku mulango, na sufuria. Hakulia. Alikuja, akagusa uso wangu, akagusa kifua, akashuka mupaka ku muguu, sawa mutu anayehesabu vyombo baada ya wezi kupita. Dokta alikuwa muzuri kwangu. Alifungua kitambaa, akakifunga tena, akaita Mama Neema naye asikie.

“Mungefika Alhamisi, ningeuchunga. Hata Ijumaa ningejaribu. Leo ninachunga mutu.”

Wakaukata juu ya goti Jumapili ile.

Ku nyumba

Patro Katembo alituma sukari, sabuni, na neno: “Ilikuwa mashini.” Mashini, hapana. Mashini ilisema kile iliandikiwa. Trezori nilimuita na telefone ya bibi yangu. Hakunyamaza hata kidogo, alisema: “Papa Neema, sisteme ilifanya kazi vizuri. Data ya kuingia njo ilikuwa mubaya.” Ile data ni wewe uliiandika, Trezori, na mimi nilikuambia haitembee, na wewe ukaniuliza masomo yangu. Tena wewe mwenyewe ulisema siku ya kwanza, mbele yetu wote, ule mchezo wa foni umekatazwa kufanyia biashara. Ulimuuzia Patro, na ukaenda kula. Esperansi hajaita mupaka leo. Ninasikia anasema mimi nilizoea kudanganya.

Ni kweli, nilidanganya. Uongo wangu ulichelewesha maharagi na simiti. Niko tayari kuujibia, mutu yeyote akiniita nitaenda, na hii gongo ya kutembelea. Lakini kuna tofauti ya mutu anayesema kamio iko njiani na iko inakunywa, na mutu anayesikia mwenzake analia ku foni, na anaangalia telefone kujua kama analia kweli.

Kwa hiyo ninawaita na majina. Katembo, Trezori, Esperansi. Sitaki sukari. Ninataka mukae mbele yangu, mbele ya Mama Neema, mbele ya mashofere wa njia ya Walikale, na mujibu kitu kimoja: toka Jumatano mupaka Jumapili, yule mugonjwa mulikuwa munamuona Kirotshe, mwenye miguu miwili, alikuwa nani? Na kama hakuwa mutu, kwa nini mulimuamini yeye kuliko mimi?

Musiseme hamujui pahali ninaishi. Kisanduku kiko chini ya kitanda changu, batri iko, ninakiwasha kila asubui. Fungueni karte yenu. Mutaona kamio kadogo kamesimama Kirotshe, hakatembee. Sasa kanasema ukweli. Kujeni.